Tusingoje Kuchangia Jeneza

Masomo: Marko 5:25–34, Matendo ya Mitume 11:27–30, Mambo ya Walawi 5:7–11, Wagalatia 6:2–5



Kila mwaka tarehe 18 Oktoba Kanisa hufanya ukumbusho wa Mtakatifu Luka Mwinjilisti. Mtume Paulo, katika barua yake kwa Wakolosai, amtaja kuwa ni tabibu mpendwa. Kwa sababu hiyo siku yake tumezoea kuwaombea wagonjwa, madaktari, wauguzi, na wote wanaowatunza wenye maumivu. Mwaka huu twapenda kuongeza neno moja juu ya sala hizo, kwa sababu ya mazungumzo tunayoyasikia kila siku hapa kwetu Muheza.

Mazungumzo yenyewe kila mmoja wetu ayajua. Huanza baada ya Misa, watu wakiwa bado wanasalimiana nje ya kanisa. Huendelea sokoni na barazani penye kahawa, ambapo tunakaa pamoja na jirani zetu Waislamu. Wa kwanza hutaja mkonge, wa pili hutaja bei ya machungwa, wa tatu hutaja msiba wa juma lililopita. Mwishowe wote hufika kwenye swali moja: mtu akiugua siku hizi, atatibiwa kwa fedha gani? Na hiyo bima ya afya kwa wote, je, ni msaada au ni kodi nyingine?

Hayo si maneno ya kupitisha wakati. Ni maneno ya watu waliopoteza vitu, nao wanaogopa kupoteza zaidi. Basi na tuyatazame katika mwanga wa Neno la Mungu.

YALIYOTUPOTEA

Wazee wetu hupenda kuanza na mkonge, na wana haki. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache mashamba yakaenea katika nchi yetu. Reli kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, na baadaye ikawa njia ya kuupeleka mkonge bandarini. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa karibu tani 230,000 za mkonge, ikawa ya kwanza ulimwenguni.

Kisha zikaja nyuzi za plastiki, bei ya mkonge ikaanguka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba mengi yakawekwa chini ya Serikali, na mengi kati ya hayo hayakutunzwa kama ilivyotakiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi nzima haikufikisha hata tani 40,000 kwa mwaka. Wazee hubishana mpaka leo, wengine wakilaumu plastiki, wengine wakilaumu uongozi wa mashamba. Yote mawili yalikuwapo. Nao vijana huwasikiliza tu, maana hawakuona siku za mkonge wala siku za treni ya abiria kupita kila mara.

Mashamba yalipoanguka, haukupotea mshahara peke yake. Mashamba mengi yalikuwa na zahanati zao. Mkata mkonge akichomwa na mwiba jichoni, au mtoto wake akishikwa na homa, alijua pa kwenda. Hata hivyo tusisifu kupita kiasi. Wafanyakazi walioletwa kutoka mbali, Kigoma, Njombe, Msumbiji na Ruanda-Urundi, waliitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alijulikana kwa namba yake. Zahanati ile ilimtibu mtu kwa sababu mikono yake ilitakiwa kazini. Mikono ilipochoka, namba ilifutwa, na mwenye namba akaenda zake.

Leo wengi wetu tunategemea machungwa. Lakini chungwa halingoji. Likiiva lisipopata mnunuzi, laoza. Kwa hiyo msimu ukiwa mzuri bei huanguka, na msimu ukiwa mbaya hakuna cha kuuza. Tena wapo jirani zetu wanaouza machungwa yangali maua mtini, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Ukiwauliza sababu, mara nyingi utajibiwa kwa neno moja: ugonjwa. Mtoto alilazwa, au mama alihitaji kupasuliwa, fedha ikatakiwa siku ile ile. Hivyo ugonjwa wa siku tatu hula mavuno ya mwaka mzima.

HALI YA MATIBABU

Yafaa pia tukumbuke jinsi matibabu yalivyobadilika, ili tusidanganyane. Baada ya Azimio la Arusha nia ya nchi ilikuwa kumtibu mwananchi bila malipo, na mwaka 1977 ilikatazwa kuendesha hospitali kwa ajili ya faida. Nia ilikuwa njema. Lakini uchumi ulipodhoofika katika miaka ya 1980, dawa zilikosekana mara kwa mara, na matibabu ya bure yakawa mara nyingi ni cheti bila dawa. Mwaka 1991 matibabu ya watu binafsi yaliruhusiwa tena, na mwaka 1993 hospitali za Serikali zikaanza kuwatoza wagonjwa sehemu ya gharama.

Wakati wote huo Kanisa nalo lilibeba sehemu ya mzigo. Hapa kwetu hospitali ya dayosisi yetu ya Tanga twaijua kwa jina la Teule, yaani iliyoteuliwa, kwa sababu kwa miaka mingi ilifanya kazi ya hospitali ya wilaya kwa mapatano kati ya Kanisa na Serikali. Jina hilo latufundisha kwamba kumtunza mgonjwa si kazi ya Serikali peke yake, wala si ya Kanisa peke yake.

Misaada ya nje nayo imetusaidia sana, hasa kwa wenye virusi vya UKIMWI. Lakini Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mahali pengi nchini watu waliokuwa wakihudumia wagonjwa walirudi nyumbani wasijue kesho yao. Twashukuru kwa ajili ya kila mkono uliotusaidia. Lakini mgonjwa asiachwe kutegemea kalamu ya mtu aliye mbali ambaye hatamwona kamwe.

MWANAMKE ALIYEMALIZA MALI YAKE

Sasa tumtazame mwanamke wa Injili. Marko atuambia kwamba alitokwa na damu miaka kumi na miwili, akateswa kwa mikono ya matabibu wengi, akatumia vyote alivyokuwa navyo, asipate nafuu bali akazidi kuwa mbaya. Ndugu, twamfahamu mwanamke huyu. Ameuza mbuzi, ameuza shamba, amekopa kwa dada yake, na sasa hana afya wala mali. Anakuja nyuma ya Yesu, tena kwa kificho, kwa maana maskini aliyeugua muda mrefu huona haya hata kuomba.

Tuangalie Bwana wetu alikuwa akienda wapi. Alikuwa akienda nyumbani kwa Yairo, mkuu wa sinagogi, mtu wa heshima, ambaye binti yake alikuwa mahututi. Angeweza kusema, Huyu mwanamke na angoje. Hakusema hivyo. Alisimama, akamtafuta katikati ya umati, akamwita Binti. Kisha akaenda kwa Yairo, na binti wa yule mkubwa naye akainuliwa. Maskini hakuachwa kwa ajili ya tajiri, wala tajiri hakuachwa kwa ajili ya maskini. Shambani mtu alikuwa namba. Kwa Yesu mwanamke huyu ni binti. Mpango wowote wa matibabu tunaoletewa hatuna budi kuupima kwa kipimo hicho: je, wamtambua yule aliyekwisha maliza vyote?

WALIOCHANGA KABLA YA NJAA

Luka, tabibu yule yule, ndiye aliyeandika Matendo ya Mitume, na humo ametuandikia jambo ambalo mara nyingi twalipita haraka. Nabii Agabo alitabiri huko Antiokia kwamba njaa kuu itakuja. Wanafunzi walifanya nini? Hawakusema kwamba kujiandaa ni kukosa imani. Hawakungoja mpaka habari ziwafikie kwamba watu wa Uyahudi wamekwisha kufa. Waliazimu kupeleka msaada, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, wakaukabidhi mikononi mwa Barnaba na Sauli, wapeleke kwa wazee.

Katika habari hiyo fupi tuna mambo matatu. Walichanga mapema. Walichanga kwa kadiri, si kwa usawa wa shilingi. Tena walichanga mikononi mwa watu waaminifu, waliojulikana kwa majina. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, mchango hauwezi kusimama.

Sasa tutazame desturi yetu wenyewe. Mtu akifa hapa mjini, kabla jua halijatua daftari limekwisha funguliwa. Turubai lapatikana, sufuria zapatikana, gari la kubeba jeneza lapatikana, na watu wa kila dini hukaa pamoja usiku kucha. Hiyo ni desturi njema, wala hatutaki ipungue. Lakini mara ngapi marehemu huyo alilala ndani juma zima kwa kukosa nauli ya kwenda hospitali na fedha ya dawa, ambazo zilikuwa ndogo kuliko bei ya jeneza lake? Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Maana yake, usimngoje aombe, wala usimuulize kama autaka, upike, umpelekee. Walijua kwamba aliye kitandani hana nguvu ya kuomba. Daftari tunalolifungua baada ya kifo ndilo linalotakiwa kabla ya ugonjwa.

MASWALI YA BARAZANI

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nia yake ni kwamba kila mkazi wa nchi awe katika bima, na wasio na uwezo wagharamiwe kwa fedha za mfuko uliowekwa kwa ajili yao. Si mara ya kwanza kujaribu jambo la namna hii. Mfuko wa Afya ya Jamii uliwekewa sheria mwaka 2001, na baadaye ukaboreshwa, kaya ya watu wasiozidi sita ikitoa shilingi 30,000 kwa mwaka. Wengi hawakujiunga, na wengi waliojiunga waliacha. Basi na tuyajibu maswali ya barazani moja moja.

La kwanza: “Mimi si mgonjwa, kwa nini nilipe?” Tuchukue mfano. Tuseme kaya 100 zatoa shilingi 30,000 kila moja. Zapatikana shilingi 3,000,000. Mwaka huo kaya kumi zikipatwa na ugonjwa wa kugharimu shilingi 300,000 kila moja, zote kumi zitatibiwa, wala hakuna atakayeuza shamba. Lakini wakijiunga hao kumi peke yao, zitapatikana shilingi 300,000 tu. Atatibiwa mmoja, na tisa watabaki na maumivu yao. Basi fedha ya mzima ndiyo dawa ya mgonjwa, na mwakani huenda majina yakabadilika. Mtume Paulo awaambia Wagalatia wachukuliane mizigo. Na mistari michache baadaye asema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Hajipingi. Homa ndogo na nauli ya kwenda zahanati ni furushi la mtu mwenyewe. Kupasuliwa, figo, saratani, mama aliyeshindwa kujifungua, hiyo ni mizigo ambayo mgongo wa mtu mmoja hauiwezi.

La pili: “Kulipia ugonjwa ambao haujaja si kujiitia ugonjwa?” Agabo hakuileta njaa kwa kuitabiri. Wala mkulima anayejenga ghala haiiti njaa nyumbani kwake. Tunamwomba Mungu atupe mkate wetu wa kila siku, na bado twalima. Tunaomba afya, na bado yatupasa kujiweka tayari.

La tatu: “Tulilipa zamani, tukafika dirishani tukaambiwa dawa hakuna.” Neno hili ni zito kuliko yote, wala tusilijibu kwa kuwakaripia wanaolisema. Mtu aliyetoa fedha yake na kunyimwa dawa ameonewa. Paulo, alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya watakatifu, aliwaandikia Wakorintho kwamba alijihadhari sana mtu asije akamlaumu kwa habari ya fedha ile, akakusudia mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Ikiwa Mtume alitaka hesabu zake zionekane, ni nani leo aliye mkubwa mno kuulizwa? Vituo vyetu vya afya vina kamati za usimamizi ambazo ndani yake wamo wananchi. Kazi yao ni kuuliza dawa zimefika lini, zimeandikwa wapi, na zimetumika vipi. Na viongozi wa nchi za Afrika waliokutana Abuja Aprili 2001 waliahidi kutenga walau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Ahadi ni deni. Mwananchi anayeuliza juu ya deni hilo kwa heshima hafanyi uchochezi; anafanya wajibu wake.

La nne: “Na asiyekuwa na kitu kabisa?” Tusome Mambo ya Walawi, sura ya tano. Mtu alitakiwa kuleta kondoo; asipomweza, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa; asipoweza hata hao, alete unga kidogo. Hakuna aliyefukuzwa mlangoni kwa umaskini wake, wala hakuna aliyedharauliwa kwa kuleta unga. Bikira Maria mwenyewe, alipokwenda hekaluni na mtoto Yesu, alitoa sadaka ya maskini, yaani ndege wawili. Basi bibi kizee asiye na mtoto wa kumtunza, naye aingie mlangoni pale pale kwa heshima ile ile. Wazee, wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano walikwisha wekewa misamaha tangu zamani. Lakini msamaha ulioandikwa kwenye karatasi haumsaidii asiyejua kusoma wala asiye na mtu wa kumpeleka ofisini.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwa hiyo, ndugu wapendwa, twasema mambo matatu.

Kwanza, kila jumuiya ya nyumba kwa nyumba na iwe na daftari la wagonjwa na wazee, kama ilivyo na daftari la misiba. Humo iandikwe ni nani aliye katika bima, ni nani asiye na uwezo, na ni nani anayestahili msamaha lakini hajaandikiwa barua. Akina mama wetu, ambao huingia nyumba zote, wanaweza kazi hiyo kuliko sisi wote. Na ijumuishe jirani wa dini yoyote, kwa maana Bwana hakumuuliza yule mwanamke dhehebu lake.

Pili, wenye nafasi na wajiunge mapema, wakiwa wazima, tena msimu wa machungwa, wakati fedha ipo mkononi. Na aliyebarikiwa zaidi achukue kaya moja ya jirani pamoja na yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, tusiwaache peke yao wale wanaotuwakilisha katika kamati za vituo vya afya. Tuhudhurie mikutano, tuulize kwa adabu, tuwashukuru watumishi wanaofanya kazi usiku kwa mshahara mdogo, na pasipo haki tusinyamaze.

Hatuahidi kwamba mkonge utarudi kama zamani, wala kwamba bei ya machungwa itapanda mwakani. Hayo hayamo mikononi mwetu. Bali kama jirani atauza shamba lake ili mtoto wake apone, au hatauza, jambo hilo limo mikononi mwetu kwa sehemu kubwa. Tena hakuna hata mmoja wetu awezaye kusema kwamba zamu yake haitafika.

Tuombe:

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyesimama njiani kwa ajili ya mwanamke aliyemaliza vyote, utusimamishe na sisi tunapompita mgonjwa. Uwape hekima wanaotunga sheria, uaminifu wanaotunza fedha za wengi, na nguvu madaktari na wauguzi wetu. Utufundishe kuchangia uhai kama tulivyojifunza kuchangia mazishi, ili pasiwepo kati yetu mtu aliye namba tu, bali kila mmoja aitwe mwana na binti. Kwa ajili ya jina lako takatifu. Amina.